Leseni ya Kiti cha Nyuma

Ibra, Alhamisi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mitihani ya Udereva,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakutakia siha, wewe na wote walio chini ya kiyoyozi chako.

Ama baada ya salamu, nimeipokea barua yako inayonitaka nieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini kibali changu cha kufundisha udereva kisifutwe kutokana na yaliyomkuta mtahini wako, Bwana Khalaf, Jumatano iliyopita. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nilikaa, mara ya tatu nililala chali.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nimesikia mama yako mzazi ni mtu wa Unguja, kwa hivyo maneno yangu yatakufika bila ya mkalimani. Sababu ya pili ni ya usalama. Shangazi yangu, Bi Turkiya, ambaye ndiye ninayemshtaki humu, alisoma chuo cha Kurani tu. Herufi za Kiarabu anazisoma hata taa ikizimika, lakini hizi za Kizungu hazijui. Barua hii naweza kuiacha mezani mchana kutwa naye akaiwekea birika juu yake.

Mimi ni Marhoun, mwalimu wa udereva, yule mwenye gari nyeupe yenye kibao juu ya paa. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Ukiacha ule mwaka wa kwanza, ambao sipendi kuuzungumza, gari yangu haijapata hata mkwaruzo. Nalitaja hili mapema ili ujue unazungumza na mtu wa aina gani.

Utaniuliza Shangazi aliingiaje katika kazi ya serikali. Aliingia kwa mlango wa nyuma wa gari, kwa heshima zote, na niliyemfungulia ni mimi. Miezi minane ya mwanzo nilikuwa na wanafunzi watatu, wote wanaume, na mmoja wao alikuwa binamu yangu. Wanawake wa Ibra wana hamu ya kuendesha kuliko wanaume, lakini hakuna baba anayekubali binti yake akae peke yake na mwalimu mwanamume kutoka hapa mpaka Bidiya, na ana haki. Kwa hivyo nikamwomba Shangazi awe anakaa kiti cha nyuma, kwa ajili ya stara. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Sikumwambia kuwa ni kuonekana tu, na hapo ndipo nilipokosea.

Sasa naomba uniruhusu niyataje malalamiko yangu kwa mpango.

1. Upande wa barabara. Shangazi hajapata kushika usukani tangu azaliwe. Elimu yake yote ya barabarani aliipata Unguja, kabla ya mwaka wa sitini na nne, akiwa kiti cha nyuma cha gari ya baba yake, Ijumaa jioni, wakienda Bububu kupunga upepo. Kule gari hushika kushoto. Huku kwetu Uarabuni, kama unavyojua kuliko mimi, tunashika kulia. Nimemweleza hayo kwa maneno, kwa picha, na kwa vijiko viwili na kopo la sukari juu ya mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sie tulipofika hapa, mwanangu, palikuwa na mchanga na punda. Upande hakukuwa. Upande mmeuleta nyie." Basi kila tukitoka mlangoni, sauti hutoka nyuma: "Shika kushoto, mwana wee, utatuua!" Wanafunzi wangu wamejifunza kumwitikia "Labeka, Shangazi" kwa adabu, na kuendelea kushika kulia. Katika gari yangu "labeka" maana yake ni nimekusikia. Haina maana ya nitafanya. Naomba ulikumbuke neno hili, litarudi.

2. Bakora. Kwa kuwa maneno yake ya kulia na kushoto hayaaminiki, Shangazi mwenyewe alibuni njia nyingine. Ana bakora ya mzaituni aliyoletewa kutoka umra. Akiigonga upande wa kulia wa kiti cha dereva, mwanafunzi akate kulia. Akigonga wa kushoto, kushoto. Akigonga mara mbili katikati, punguza. Akiisukuma mgongoni, simama, na simama sasa hivi. Mimi nina breki yangu ya mwalimu, iliyofungwa na fundi, ikakaguliwa na ofisi yako na kupigwa muhuri. Sijaigusa tangu mwaka juzi. Yeye naye ana breki yake kule nyuma, ambayo haipo, lakini anaikanyaga kwa nguvu hata zulia limetoboka na sasa naona lami.

3. Salamu. Kwa Shangazi, kumpita mtu anayekwenda kwa miguu bila ya kumwamkia ni dhambi, na kumpita mtu wa rika lake ni dhambi kubwa. Lazima mwendo upunguzwe, kioo kishushwe, na kila kitu kiulizwe: hali, habari, watoto, tende za mwaka huu, goti. Wiki iliyopita zilijipanga nyuma yetu gari kumi na moja. Hakuna aliyepiga honi, kwa sababu kila aliyekaribia alimwona ni nani, naye akashusha kioo chake. Mwanafunzi wangu mmoja, Manar, alipoulizwa katika mtihani wa maswali afanye nini akifika njia panda pamoja na gari nyingine, alijibu: "Namwamkia, na akiwa mkubwa kwangu nampisha." Mlimpa nusu ya alama. Nashukuru, lakini nilifedheheka.

4. Njia za mafunzo. Ofisi yako imetupangia barabara za kufundishia. Shangazi ana za kwake. Mwanafunzi wangu Dalal, aliyelipia somo la kuegesha gari tu, alijikuta Ashkhara, zaidi ya saa mbili kutoka hapa, amepakata papa mkavu. Wakati wa kurudi tulipitia Sur kumpa mkono wa tanzia mtu ambaye Shangazi mwenyewe hakulikumbuka jina lake, ila alijua kuwa kafiwa. Ijumaa nyingine tulikwenda Nizwa kutazama mbuzi. Hatukununua. Alisema wana macho ya uwongo. Na kila Jumatano, saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, gari yangu huelekea soko la wanawake hapa Ibra, lile ambalo sisi wanaume hatuingii. Mimi hushuka kabla ya kufika na kusubiri kivulini, na somo huendelea bila ya mwalimu.

5. Wanafunzi wenyewe. Hili linauma kidogo, lakini nitalisema. Wananipigia simu kuuliza kama Shangazi yupo. Nikisema ana mafua, na wao wanapata mafua. Wakifaulu huleta halwa nyumbani na kuikabidhi kwake, na mimi hubakiwa na sahani ya kuosha. Wanamwita Ustadha. Mimi wananiita Marhoun.

Mwaka jana nilipeleka mtihanini wanawake ishirini na watatu, na ishirini wakafaulu mara ya kwanza. Wapo watu wasioelewa mambo ya kitaalamu wanaosema ni kwa sababu yake. Mimi nasema ni bahati iliyojirudiarudia. Njia yake ya kufundisha kurudi nyuma baina ya mapipa, ambayo unajua inawaliza watu wazima, haimo katika kitabu chochote. Mimi huwaeleza pembe, kioo, na nusu mzunguko wa usukani. Yeye huwaambia: "Pipa halina haja nawe, mwanangu. Wewe ndo walifuata. Liwache. Shwayya shwayya, pole pole, bas." Nao wanapita. Hata mimi sielewi wanapitaje.

6. Jumatano. Sasa nafika kwenye tukio.

Mwanafunzi alikuwa Ghadeer, binti wa miaka ishirini na miwili, ambaye watu wake walikuja hapa kutoka Kigoma. Baba yake aliomba awepo mwanamke mtu mzima garini wakati wa mtihani. Bwana Khalaf, kwa uungwana wake, alikubali. Hakuuliza ni mwanamke gani. Mimi nilibaki uwanjani, karibu na mapipa, nikiomba dua.

Kwa maelezo niliyoyapata, mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye mzunguko wa pili wa barabarani. Hapo Bwana Khalaf alimwamrisha Ghadeer aende moja kwa moja. Lakini ilikuwa saa tatu, na ilikuwa Jumatano. Bakora ikagonga kulia. Bwana Khalaf anasema aliisikia, ila alidhani bibi anapanga vitu vyake. Ghadeer amekaa kwangu miezi mitano, na mkono wake humtii Shangazi kabla kichwa hakijaulizwa. Akawasha taa, akatazama kioo, akakata kulia vizuri kabisa. Bwana Khalaf akapaza sauti: moja kwa moja! Ghadeer akamjibu "Labeka", na akaendelea na safari yake.

Waliingia soko la wanawake. Ghadeer alirudi nyuma baina ya pikapu mbili za wauza manukato, asiguse hata kivuli chake. Shangazi akafungua mlango na kumwambia mtahini wako: "Khamsa daqayiq tu, baba. Msizime gari, joto." Akenda zake.

Dakika zile tano zilikuwa robo tatu ya saa. Bwana Khalaf, na nyota zake mabegani, alikaa katika soko ambalo hata mume wa mtu hakanyagi, kofia ameivuta mpaka puani. Hakuweza kushuka, kwa sababu angeshuka aende wapi? Wanawake wanne walikuja dirishani kumwuliza yeye ni mtoto wa nani. Wa tano alimjua. Bwana Khalaf alirudi uwanjani amepakata mfuko wa malimau, na alipopita mbele yangu hakuitikia salamu yangu.

Ghadeer aliangushwa kwa kosa moja: hakufuata maelekezo. Katika sehemu nyingine zote za ile karatasi Bwana Khalaf aliandika "mzuri sana", na namheshimu kwa hilo, kwa sababu mimi katika hali yake nisingekumbuka kuandika.

Mheshimiwa, utasema: kwa nini humwambii shangazi yako anyamaze? Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Aliyenilea ni Shangazi Turkiya. Hata kutembea alinifundisha kwa nyuma, ameishika kanzu yangu, akiniambia mguu gani utangulie. Kuna maneno ambayo mtu wa aina hiyo huwezi kumwambia. Nimejaribu. Nilianza "Shangazi, naomba leo…" naye akasema "Tazama mbele", nikatazama mbele.

Lakini kibali hiki ndicho nilicho nacho. Sijui kazi nyingine. Kikifutwa, kibao kitashushwa kutoka paani, na nitakuwa mwanamume wa makamo anayempeleka shangazi yake sokoni. Kwa hivyo naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, ofisi yako ianzishe leseni ya kiti cha nyuma. Iwe na picha, tarehe ya kumalizika, na mtihani wake wa mapipa, ambao mwombaji ataufanya akiwa amekaa nyuma. Mwenye leseni hiyo ataandikiwa makosa yake mwenyewe. Makosa ya Jumatano yaandikwe kwa Shangazi, na ya kabla ya hapo pia, ninayo orodha.

Ikiwa leseni hiyo haiwezekani, basi nipatie barua yenye muhuri inayosema kuwa mtu asiye na leseni haruhusiwi kutoa neno lolote garini, wala kugonga, wala kuhema kwa nguvu. Shangazi anaheshimu sana mihuri. Nitamsomea mwenyewe, nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Mwisho, naomba Ghadeer arudie mtihani siku yoyote ambayo si Jumatano.

Mpe Bwana Khalaf pole zangu, na umwambie malimau yale ni halali yake, Shangazi alinuia. Wasalimie mama yako, ndugu zako, wakaguzi wote, na yule askari wa mlangoni ambaye hunitazama kama anayenijua. Watu wa kwetu wote wanakusalimu isipokuwa mmoja, ambaye hajui kama nakuandikia.

Wako katika utii, na mkanda nimeufunga,

Marhoun
Mwalimu wa Udereva, Ibra

Tanbihi. Leo ni Jumapili. Naiandikia nyongeza hii njiani, juu ya boneti ya gari ya watu, kwa hivyo uniwie radhi kwa hati.

Ghadeer alikuja nyumbani Alhamisi ile ile, baada ya alasiri, kumletea Shangazi mkate wa mofa. Aliikuta barua yangu chini ya birika. Shangazi akamwomba amsomee. Ghadeer ni binti mkweli, akamsomea yote, mpaka mbuzi wa Nizwa, mpaka saini.

Shangazi hakununa. Angenuna ningejua la kufanya, ningemletea halwa. Alisema "Sawa" tu. Jana asubuhi aliingia garini kama kawaida, akaweka bakora juu ya mapaja, akafumba mdomo. Hakuamkia mtu. Wazee wa mtaani walishusha vioo vyao, wakatungojea, kisha wakavipandisha. Mwanafunzi wangu mpya, Nouf, aliingia kwenye mzunguko na kuuzunguka mara nne, kwa sababu hakuna aliyemwambia atoke. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na breki yangu yenye muhuri, na nakiri kuwa nilikuwa nangoja kusikia sauti kutoka nyuma. Nimefundisha miaka kumi na moja, na jana sikujua pa kutokea.

Asubuhi hii nilitoa gari kwa rivasi ili nikuletee barua. Mlangoni petu pana nguzo. Imekuwapo tangu kabla sijazaliwa, na naipita kila siku. Nimeigonga. Taa ya nyuma imevunjika, buti la gari halifungi, na kibao kimeanguka kutoka paani.

Shangazi alikuwa kiti cha nyuma, mikono ameikunja. Nikamwuliza: "Shangazi, hukuiona nguzo?"

Akasema: "Nimeiona."

Nikamwuliza: "Mbona hukuniambia?"

Akasema: "Leseni sina, baba."

Basi naomba uyafute yote niliyoyaandika hapo juu, hasa lile la bahati, na lile la mwaka wa kwanza, kwani nguzo ya mwaka ule ni hii hii. Ile barua yenye muhuri usiitume. Sasa nakuja ofisini kwako kwa miguu. Shangazi amesema atanifuata, na yuko hatua tatu nyuma yangu na bakora yake, kimya. Mbele yetu pana barabara kubwa ya kuvuka, na mimi sijui nianze na mguu gani.

Mpe leseni, Mheshimiwa. Hata ya muda.